Joe Mullen: Kutoka Barabarani Mpaka Kombe la Stanley

SOMO LA REDIO KWA WATU WAZIMA

(Maneno haya ni yale yale yaliyosomwa redioni. Yamepigwa chapa ili kila mwanafunzi aweze kuyafuata kwa macho wakati anaposikiliza, na kuyasoma tena nyumbani.)

Ninyi mlio katika vikundi, sogeeni karibu na redio, na karatasi hii iwe mbele yenu. Mwenye miwani na aivae. Mwenye kalamu na aishike. Leo tutasoma, kisha tutahesabu, na mwishoni tutabishana kidogo.

Habari ya leo ni ya mtu mmoja wa Marekani. Jina lake huandikwa Joe Mullen, lakini hutamkwa "Jo Malen". Kazi yake ilikuwa kucheza mpira wa magongo juu ya barafu, na alipokuwa mtu mzima akawa kocha, yaani mwalimu wa wachezaji.

Najua mmoja wenu anacheka. Anasema: "Mwalimu, barafu yetu sisi ni ya kutia katika maji ya kunywa. Tuna habari gani na mchezo huo?" Swali lake ni jema. Kwanza, mchezo huu umekwisha kufika Afrika Mashariki. Mwaka 2005 kilifunguliwa kiwanja cha barafu ndani ya hoteli moja mjini Nairobi, na vijana wa Kenya wakaanza kuucheza. Mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa katika shirikisho la dunia la mchezo huo.

Lakini ile siyo sababu kubwa. Tumemchagua Joe Mullen kwa sababu mbili nyingine. Alijifunza kazi yake mahali ambapo nafasi ya kujifunza ilikuwa haba sana. Tena, alipokuwa na umri wa miaka 22, ilimbidi kuchagua kati ya heshima kubwa na kuisaidia nyumba ya baba yake. Haya, sikilizeni.

1. MCHEZO WENYEWE

Wengi wenu mnaujua mpira wa magongo wa uwanja wa nyasi. Ule wa barafuni ni ndugu yake, lakini una mwendo wa kasi zaidi. Kiwanja cha Marekani kina urefu wa futi 200 na upana wa futi 85, nacho kimezungushiwa ukuta mfupi. Kila upande una watu sita: watano wa kucheza na mmoja wa kulinda goli.

Wachezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini yake, mfano wa kisu. Kwa chuma hicho huteleza juu ya barafu upesi kuliko mtu anayekimbia. Hawapigi mpira wa mviringo. Hupiga kisahani kigumu cha mpira mweusi, unene wake inchi 1 na upana wake inchi 3. Kisahani hicho kikipigwa kwa nguvu huweza kwenda zaidi ya maili 100 kwa saa. Kwa hiyo mlinda goli hujifunga mapedi miguuni na kuvaa chuma cha kukinga uso.

Mchezo una vipindi vitatu, kila kimoja dakika 20. Mchezaji hakai kiwanjani kwa muda mrefu. Hucheza kwa nguvu zake zote, pengine kwa dakika moja au chini yake, kisha hutoka akapumzika na mwingine huingia, hata kama mchezo haukusimama. Kusukumana kwa mwili kumeruhusiwa. Lakini anayemkwatua mwenziwe, au anayempiga kwa gongo, hutolewa nje kwa dakika mbili, na timu yake hucheza ikiwa na upungufu wa mtu mmoja. Shikeni neno hilo la upungufu, tutalirudia.

Na barafu yenyewe hutoka wapi? Siku hizi viwanja vikubwa hutengenezewa barafu ndani ya nyumba. Chini ya sakafu ya saruji hupita mabomba mengi. Katika mabomba hutembezwa maji ya chumvi yaliyopozwa sana. Maji ya chumvi hayagandi upesi kama maji matamu, kwa hiyo huendelea kupita ingawa ni baridi mno. Sakafu hupoa, na maji matamu yanayomwagwa juu yake kidogo kidogo huganda, tabaka juu ya tabaka. Vile viatu vya chuma huikwaruza barafu, kwa hiyo kati ya kipindi na kipindi hupita mashine ya kuiparura na kumwaga maji mapya. Basi kila kiwanja kina mafundi wake wa barafu. Baba yake Joe Mullen alikuwa mmoja wa watu wa kazi hiyo.

2. MTOTO WA MTAANI

Joe Mullen alizaliwa tarehe 26 Februari 1957 katika mji wa New York. Mtaa wao unaitwa Hell's Kitchen, maana yake "Jiko la Jahanamu". Jina hilo peke yake lawatosha kujua sifa yake ya zamani. Ulikuwa mtaa wa wafanya kazi, wenye nyumba za ghorofa zilizosongamana, na watoto walichezea barabarani na katika viwanja vya shule vya saruji.

Baba yake alifanya kazi katika jumba kubwa la michezo la mji huo, liitwalo Madison Square Garden. Timu ya New York ilichezea humo, naye alikuwa katika kundi la kuitunza barafu. Pengine alirudi nyumbani na magongo ambayo wachezaji wakubwa wamekwisha kuyatumia. Kwa mchezaji mwenye mshahara, gongo bovu ni la kutupwa. Kwa mtoto wa Hell's Kitchen, lilikuwa mali.

Basi watoto walikuwa na magongo, lakini barafu hawakuwa nayo. Wakafanyaje? Wakavaa viatu vya magurudumu, wakacheza juu ya saruji. Kisahani je? Wakachukua mkanda wa kunatisha ambao mafundi wa umeme hufungia nyaya, ungali umeviringwa, wakaupiga huo.

Tazameni sasa faida iliyotoka humo. Saruji ya mtaani si pana kama barafu. Nafasi ni ndogo, watu ni wengi, na ukuta uko karibu. Mtoto achezaye hapo hulazimika kugeuka upesi na kuutawala mkanda karibu na miguu yake. Joe hakukua akawa mtu wa pandikizi. Urefu wake ulikuwa futi 5 na inchi 9, na katika mchezo huo mtu wa kimo hicho huhesabiwa mfupi. Lakini alipokuja kucheza barafuni, watu walistaajabu jinsi alivyokuwa mgumu kuangushwa, na jinsi alivyopenya mahali pembamba.

Alikuwa na mdogo wake, Brian. Naye alijifunza katika mtaa ule ule, naye akafika ligi kubwa.

3. CHUONI BOSTON

Mwaka 1975 Joe alikwenda kusoma katika chuo kiitwacho Boston College. Vyuo vya Marekani huwapa wanamichezo hodari msaada wa kulipia masomo. Yeye aliingia bila msaada huo. Hakuna aliyetazamia makubwa kutoka kwa kijana wa New York, kwa kuwa wachezaji wa hoki walitafutwa Kanada, na katika miji ya baridi kama Boston na ile ya jimbo la Minnesota. Lakini alipoonyesha kazi yake, msaada akaupata. Mwaka 1978 timu ya chuo chake ilifika fainali ya vyuo vyote vya Marekani, ikashindwa na jirani zao, Boston University, kwa mabao 5 kwa 3.

Katika Ligi ya Taifa ya Hoki, ambayo ndiyo ligi kubwa kuliko zote, kuna desturi moja. Kila mwaka timu hukutana na kuchagua vijana kwa zamu. Kijana aliyechaguliwa huwa haki ya timu ile. Mamia ya vijana wamechaguliwa kwa njia hiyo. Joe Mullen hakuchaguliwa na timu yoyote.

4. NJIA PANDA YA MWAKA 1979

Sasa tumefika penye kiini cha somo. Someni sehemu hii polepole.

Mwaka 1979 Joe alimaliza chuo. Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilikuwa ifanyike mwezi wa Februari 1980, katika Marekani yenyewe, mahali paitwapo Lake Placid. Kocha wa timu ya taifa alikuwa Herb Brooks, naye alikuwa akikusanya vijana, wengi wao wa vyuoni. Joe alipewa nafasi.

Siku zile sheria ya Olimpiki katika mchezo huu ilikuwa kali. Mchezaji wa kulipwa, yaani anayepata mshahara kwa kucheza, hakuruhusiwa. Aliyeruhusiwa ni mchezaji wa ridhaa, yaani anayecheza bila mshahara. Mtu hakuweza kuyashika yote mawili. Akitia sahihi mkataba wa kulipwa leo, kesho mlango wa Olimpiki umefungwa.

Wakati huo huo timu ya St. Louis, iliyo katika ligi kubwa, ilimletea Joe mkataba. Na nyumbani New York baba yake alikuwa mgonjwa.

Mnaona shida yake? Upande mmoja ni bendera ya nchi yake, mbele ya watu wake mwenyewe. Upande wa pili ni fedha wakati wa ugonjwa wa baba. Joe akautia sahihi mkataba wa St. Louis. Nafasi ya Olimpiki akaiacha.

Mambo yaliyofuata yamo katika vitabu vya historia. Timu ya Urusi ya Kisovyeti ilikuwa imechukua medali ya dhahabu mara nne mfululizo: mwaka 1964, 1968, 1972 na 1976. Hao walikuwa watu wazima waliokwisha kukomaa katika mchezo. Tarehe 22 Februari 1980 wale vijana wa Brooks waliwashinda kwa mabao 4 kwa 3. Siku mbili baadaye waliwashinda Wafini kwa mabao 4 kwa 2, wakapata dhahabu. Marekani nzima ilishangilia, na mpaka leo ushindi huo huitwa muujiza.

Joe Mullen alikuwa wapi? Alibakiza siku nne tu kutimiza miaka 23. Alikuwa mbali, katika mji wa Salt Lake City, akicheza katika ligi ndogo, kwa kuwa St. Louis ilimpeleka huko kwanza akajifunze.

5. LIGI NDOGO

Timu nyingi za ligi kubwa zina timu ndogo za kufundishia vijana. Huko mshahara ni mdogo na safari ni za taabu. Wengi huingia huko na hawapandi tena.

Katika msimu wake wa kwanza, 1979–80, Joe alifunga mabao 40, akapewa tuzo ya mchezaji mpya bora wa ligi hiyo. Msimu wa pili alifunga mabao 59, akatajwa kuwa mchezaji bora kuliko wote. Hata hivyo, bado aliambiwa angoje. Pengine wakubwa walisita kwa sababu ya kimo chake, au kwa kuwa hakuwa miongoni mwa waliochaguliwa ile siku ya zamu. Yeye aliendelea kufunga tu.

Msimu wa tatu, 1981–82, alianza Salt Lake City akafunga mabao 21 katika michezo 27. Ndipo St. Louis ikamwita. Huko, katika michezo 45, alifunga mabao 25. Alikuwa mchezaji wa kwanza kupata mabao 20 au zaidi katika ligi ndogo na katika ligi kubwa, msimu mmoja. Tangu hapo hakurudishwa tena.

6. TUSOME NA KUHESABU

Msimu wa hoki huanza mwezi wa Oktoba na kwisha mwaka unaofuata. Kwa hiyo huandikwa kwa miaka miwili. Tazameni orodha hii. Upande wa kushoto ni msimu. Upande wa kulia ni mabao ya Joe Mullen katika ligi kubwa.

1983–84 ........ 41
1984–85 ........ 40
1985–86 ........ 44
1986–87 ........ 47
1987–88 ........ 40
1988–89 ........ 51

Sasa jumlisheni. Msiharakishe. Anzeni na tarakimu za upande wa kulia, kisha makumi.

(Muziki kwa muda wa dakika mbili.)

Haya, mmemaliza? Jibu ni 263. Sasa gawanyeni kwa 6, kwa kuwa misimu ni sita. Mtapata 43, na 5 zitabaki. Maana yake, kwa miaka sita alifunga zaidi ya mabao 43 kila msimu. Hamwoni katika orodha hata mwaka mmoja ulioshuka chini ya 40. Ndiyo faida ya kujua kusoma orodha: mtu akikuambia "fulani ni hodari", unaweza kuuliza hesabu yake.

Katikati ya orodha hiyo, mwezi wa Februari 1986, timu ya St. Louis ilimhamishia timu ya Calgary, mji wa Kanada. Katika Marekani na Kanada timu huweza kubadilishana wachezaji kama wafanya biashara wabadilishanavyo bidhaa, na mchezaji hufunga mizigo akaenda.

Huko Calgary alifika kilele chake. Msimu wa 1988–89 alifunga mabao 51, na mara 59 alimpasia mwenziwe akafunga. Jumla ni pointi 110. Wakati huo hakuna Mmarekani aliyewahi kupata pointi nyingi hivyo katika msimu mmoja. Na tarehe 25 Mei 1989 Calgary iliishinda Montreal mabao 4 kwa 2 katika uwanja wa Montreal wenyewe, ikachukua Kombe la Stanley. Hakuna timu ngeni nyingine iliyowahi kulitwaa kombe hilo kwa kuishinda timu hiyo ya Montreal katika uwanja ule.

Kombe la Stanley ni la fedha, lilitolewa mwaka 1892 na Lord Stanley, aliyekuwa gavana mkuu wa Kanada. Lina desturi nzuri: majina ya wachezaji walioshinda huchorwa juu yake, na wapitao huyasoma.

Kuna tuzo nyingine ambayo mimi naipenda zaidi. Inaitwa tuzo ya Lady Byng. Aliitoa mwaka 1925 mke wa gavana mkuu mwingine wa Kanada. Hupewa mchezaji mwenye ustadi na adabu pamoja. Joe Mullen aliipata mara mbili, mwaka 1987 na mwaka 1989. Kumbukeni zile dakika mbili za adhabu. Katika maisha yake yote, katika michezo 1,062, alikaa nje kwa adhabu dakika 241. Gawanyeni kwa 60. Ni saa 4 na dakika 1 tu, katika misimu 16.

7. MIAKA YA PITTSBURGH

Mwaka 1990, alipokuwa na miaka 33, Calgary ilimtoa kwa timu ya Pittsburgh. Kocha wa Pittsburgh alikuwa Bob Johnson, Mmarekani aliyewahi kumfundisha Calgary. Msimu huo Joe aliugua shingo, akapasuliwa na madaktari, akakosa michezo mingi. Lakini alirudi kabla ya mwisho. Tarehe 25 Mei 1991, katika mchezo wa kulitwaa kombe, Pittsburgh iliifunga Minnesota mabao 8 kwa 0. Mawili kati ya hayo yalikuwa ya Joe Mullen.

Furaha haikukaa sana. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule Bob Johnson alikufa kwa ugonjwa wa saratani. Mwaka 1992 Pittsburgh ilichukua kombe mara ya pili. Safari hii Joe aliumia goti katika mechi za njiani, akazitazama fainali akiwa nje. Jina lake lilichorwa hata hivyo, mara ya tatu.

Na jezi ya taifa je, ile aliyoikosa mwaka 1980? Aliivaa. Alichezea Marekani katika mashindano ya Kombe la Kanada mwaka 1984, 1987 na 1991. Lakini medali ya Olimpiki hakuipata kamwe.

Mwezi wa Februari 1995 alifikisha pointi 1,000, Mmarekani wa kwanza kufika hapo. Msimu uliofuata alihamia Boston, akaumia, akafunga mabao 8 tu. Hesabu yake yote ikawa 495. Umri wake ulikuwa miaka 39. Hakuna Mmarekani aliyekuwa amefunga mabao 500. Niambieni, alibakiza mangapi? Matano.

Akarudi Pittsburgh kwa msimu mmoja zaidi. Mtu aliyezoea mabao 40 kwa msimu sasa aliyatafuta matano tu, na yalikuja polepole. Mwezi wa Machi 1997, katika mchezo na timu ya Colorado, alifunga la 500. Akaongeza mawili, kisha akaweka gongo chini. Jumla mabao 502 na pasi za mabao 561. Jumlisheni wenyewe: pointi 1,063. Ni pointi moja zaidi ya idadi ya michezo yake. Mwaka 2000 aliingizwa katika Jumba la Heshima la Hoki, lililoko Toronto.

8. MWALIMU WA WENGINE

Watu wengi hudhani kwamba mchezaji hodari ni lazima awe kocha hodari. Si lazima. Kutenda ni kazi moja, na kumwonyesha mwingine kutenda ni kazi nyingine. Ninyi mnalijua hilo, maana mmewahi kumwona fundi bora asiyeweza kumfundisha mwanafunzi wake hata kidogo.

Mwaka 2000 Joe Mullen alianza kazi ya kocha msaidizi huko Pittsburgh. Kocha msaidizi hutazama filamu za michezo iliyopita, huwasimamia vijana katika mazoezi, na husimama nyuma ya benchi akiwaambia nani aingie. Jina lake halitajwi sana magazetini. Tena miaka ile ilikuwa migumu. Timu iliyowahi kuchukua makombe ilikuwa haina fedha, na msimu wa 2003–04 ilikuwa ya mwisho katika ligi nzima. Yeye hakutoka. Msimu wa 2005–06 alipewa kuiongoza timu ndogo ya Pittsburgh, iliyoko Wilkes-Barre, baada ya kocha wake kupandishwa kwenda timu kubwa. Basi alirudi pale alipoanzia: ligi ndogo, kati ya vijana wanaongoja kuitwa.

Tangu mwaka 2007 mpaka 2017 alikuwa kocha msaidizi wa timu ya Philadelphia. Mwaka 2010 timu hiyo ilifika fainali, ikashindwa na Chicago katika mchezo wa sita.

Huko Philadelphia moja ya kazi zake ilikuwa kufundisha lile jambo la upungufu. Mnakumbuka? Mchezaji wa upande mmoja akitolewa kwa adhabu, upande ule hubaki na wanne, na upande wa pili wana watano. Kwa dakika mbili wale watano wana mtu wa ziada. Mtu asiyejua hudhani kufunga hapo ni rahisi. Si rahisi, kwa sababu wale wanne husongamana mbele ya goli lao kama watu waliojikunyata mvuani. Kocha hufundisha watano wapitishe kisahani upesi kutoka upande huu mpaka upande ule, mpaka walinzi wachoke kugeuka na pengo litokee. Anayesimama karibu na goli apate nafasi ndogo tu, ya kutosha kugeuka. Na nani angeweza kufundisha kugeuka mahali padogo kuliko mtu aliyejifunza juu ya saruji ya Hell's Kitchen?

9. MANENO YA KUKUMBUKA

Ridhaa: kutenda jambo kwa kupenda, bila mshahara.
Mkataba: maandishi ya mapatano kati ya watu wawili au zaidi. Usiutie sahihi kabla ya kuusoma, au kusomewa na mtu unayemwamini.
Kocha: mwalimu wa wachezaji.
Msimu: muda wa mwaka ambao mchezo huchezwa.
Tuzo: zawadi ya heshima kwa kazi njema.

10. MASWALI

Andikeni majibu katika madaftari yenu.

1. Joe Mullen alizaliwa mwaka gani, na katika mji gani?
2. Kwa nini mabomba ya kiwanja cha barafu hupitishwa maji ya chumvi?
3. Watoto wa Hell's Kitchen walitumia nini badala ya kisahani?
4. Alifunga mabao mangapi katika ligi kubwa, yote pamoja?
5. Tuzo ya Lady Byng hupewa mchezaji wa namna gani?
6. Aliacha kucheza mwaka 1997, akaanza kazi ya kocha msaidizi mwaka 2000. Ilipita miaka mingapi?

11. MABISHANO

Hili la mwisho halina jibu katika karatasi. Gawanyikeni pande mbili. Upande mmoja useme Joe Mullen alifanya vema kutia sahihi mwaka 1979. Upande wa pili useme ilimpasa angoje Olimpiki, maana ilikuwa miezi michache tu.

Lakini nawapa sharti moja. Asitokee mtu akasema, "Alikosea, kwa kuwa wenzake walipata dhahabu." Wala mwingine asiseme, "Alipatia, kwa kuwa baadaye alipata makombe matatu." Siku ile alipoishika kalamu hakujua habari ya dhahabu, wala habari ya makombe. Alijua kwamba baba yake ni mgonjwa, na kwamba kuna karatasi mezani. Basi jiwekeni pale alipokuwa, na mjue yale tu aliyoyajua yeye. Kisha semeni: wewe ungetia sahihi?

Atakayeongoza mabishano na ampe kila mmoja zamu yake, na wanyamavu waulizwe kwanza. Katibu wa kikundi aandike mistari mitano ya yale mliyokubaliana, na ya yale mliyokataliana.

Muda wetu umekwisha. Itunzeni karatasi hii, na aliye na mtoto shuleni amsomee usiku wa leo ile orodha ya mabao, amwulize jumla yake. Kwaherini, ndugu wasikilizaji.